Fundi, vizibo na simu ya kaka

Saa 10 na nusu alfajiri naoga, nakunywa chai ya rangi na kiporo, nakimbilia mwendokasi Kimara. Tukibanana pale kituoni huwa napiga hesabu yangu ya kijinga: Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 300 hivi anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuwahofia watu bila sababu. Kwa msongamano ule, mmoja wao lazima kashanikanyaga.

Saa 2. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo: nawasaidia wagonjwa kama hao kurudia shughuli zao za kila siku kwa mazoezi. Wagonjwa wananiita dokta, ndugu zao "yule dada wa vizibo", na nimechoka kuwasahihisha wote. Vizibo vya soda ndiyo vifaa vyangu. Navipanga vitano kwa rangi, mtu anaviangalia, navifunika kwa kanga, anavipanga upya kwa kukumbuka. Akiweza, vinakuwa sita. Akishindwa tunarudi vinne, maana kukosea mfululizo kunamvunja moyo. Anayechungulia dirishani anaona watu wazima wanacheza.

Dawa, ikiwamo ile sindano ya kila mwezi, zinapunguza sauti na ile hofu kwamba jirani anakufuatilia. Kumbukumbu, umakini na kupanga mambo haziyagusi sana. Mtu anatulia, nyumbani wanashangilia kapona, kisha anatumwa chumvi anarudi na kiberiti. Anaitwa mvivu, analetwa kwangu.

Saa 3 hadi saa 5 kikundi: karata, kisha kupanga manunuzi ya genge kwa bei za kweli. Mzee mmoja kalala.

Saa 5 na nusu akaingia kaka yake Fundi. Fundi ndivyo tunavyomwita. Alikuwa anashona Kariakoo hadi alipougua akiwa na miaka 22. Kaka hakuketi.

"Dada, miezi mitatu sasa. Nauli natoa mimi, nyie mnacheza vizibo. Cherehani inaota kutu ndani. Anaanza kazi lini?"

Nikamweleza. Simu yake ikaita, akapokea. Nikaanza upya. Akauliza kama hakuna dawa kali zaidi. Nikamwambia dawa ikizidi inaweza kumletea usingizi na mikono kutetemeka, na fundi anayetetemeka nani atampa kitambaa? Akasema huo ni uvivu tu, tangu utotoni. Fundi amekaa palepale, anasikia yote.

Nilikasirika, nikafanya nisichokipanga. "Kaka, simama hapa. Mdogo wako akupime suruali."

Kupima si shida ya Fundi, mikono yake haijasahau. Namba ndiyo inadondoka njiani, kati ya futi na daftari. Wiki sita tumefanya hilo tu: soma, itamke, andika, ndipo uhame. Kiuno. "Thelathini na nane." Akaandika. Hipsi akasoma, simu ikaita, kaka akaanza kubishana na mtu kuhusu mzigo wa bandarini, namba ikapotea. Fundi akaganda na kalamu hewani. Kaka akanitupia jicho: umeona? Namba niliiona, ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaumeza ulimi. Fundi akairudisha futi kiunoni, akagundua si penyewe, akashuka, akapima upya.

"Arobaini na mbili. Kaka, zima simu."

Miaka 9 ya kazi hii sijasikia mgonjwa akimwambia hivyo kaka yake mkubwa. Simu ikaita tena, ikaachwa iite mfukoni. Paja, urefu, chini. Dakika 25 kwa suruali moja.

"Fundi gani wa dakika ishirini na tano?" kaka akasema, akachukua helmeti yake, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Wali maharage niliula umepoa. Mama mmoja alilia koridoni, nikakaa naye. Umeme ukakatika, feni zikasimama, na lile joto la Dar mnalijua. Mara mbili nikamwita mgonjwa jina la mwenzake, naye akanisahihisha taratibu, kwa sauti ileile ninayotumia mimi kwao.

Jioni nikaandika mafaili. Fundi: vipimo 5, kosa 1, kalirekebisha mwenyewe, simu iliita mara 2 wakati wa kupima. Nikatafuta karatasi ya vipimo niiambatanishe, haipo. Nesi akacheka. Fundi kaondoka nayo. Kasema mteja bado hajalipa advansi.