Turubai ndilo lililoimaliza Morris ya babu

Kama kwenu kuna gari ya marehemu imefunikwa turubai uani, nakuomba nenda kalivue leo. Sikwambii uiuze, sikwambii uitengeneze, livue tu hilo turubai upepo upite. Mi nimemaliza miaka mitatu na akiba yangu karibu yote kuirudisha barabarani gari iliyoozeshwa na watu waliokuwa wakiipenda, na kila nkilala chini yake na msasa mkononi nlikuwa nawaza, lau angekuwepo mtu wa kumwambia bibi maneno haya mwaka ule 1998.

Gari yenyewe ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1960. Babu aliinunua mkono wa pili kabla ya Mapinduzi, akaenda nayo skuli kusomesha, akachukua nayo maharusi, akapakia wagonjwa usiku wa manane kuwapeleka Chake, wazee wa Wete, huku kwetu Pemba, wa rika lake kila mmoja ana kisa chake cha kupanda ile gari. Babu alipofariki bibi akasema haendeshi mtu. Ikasukumwa mpaka uani chini ya mwembe, ikafunikwa turubai zito la kijani, yale ya lori, likafungwa kamba pande zote nne, na kila Ijumaa bibi akipita na fagio anaondoa majani juu yake. Miaka 19 hivyo hivyo. Alikuwa anaitunza kwa anavyojua yeye na wala simlaumu.

Lakini sisi tuko kisiwani jamani. Hewa yetu ina chumvi na ina unyevu mwaka mzima, na turubai haliachii kitu kutoka. Jua likipiga asubuhi unyevu unapanda kutoka ardhini unagota kwenye turubai, usiku kukipoa unarudi chini kama jasho juu ya bati, kesho tena, keshokutwa tena. Gari inayopigwa mvua halafu ikakaushwa na upepo inaishi kuliko hii iliyofunikwa kwa heshima.

Siku tulipolivua bibi alikuwa amekaa barazani anatazama. Kwa juu ilionekana bado gari, rangi ya kijivu ipo, vioo vipo, hata vitabu vya babu vipo kiti cha nyuma vimeshikana kama tofali. Nkafungua mlango nkaweka mguu ndani ukazama mpaka kwenye majani. Sakafu hakuna. Ubavu wa chini, pale chini ya milango, nkagonga kwa bisibisi ikatoka puti, nyuma ya puti likatoka gunia, maana fundi fulani zamani alijaza gunia kwenye tundu akapaka puti na rangi juu yake akachukua pesa yake. Gunia linanyonya maji. Kutu ilikuwa inalishwa kutoka ndani.

Na hii si kutu ya kusema ntaipaka rangi basi. Morris hii haina chasisi ya peke yake kama Land Rover au yale malori ya Bedford, bodi yenyewe ndo inayobeba kila kitu, sakafu ikioza gari imevunjika mgongo. Pale springi za nyuma zinaposhikia palikuwa pamebaki bati jembamba kama la mkebe wa maziwa.

Ila kuna jambo lilinishangaza na mpaka leo nalisimulia. Kila mahali ambapo gari ilikuwa inavuja oili palikuwa pazima. Chini ya injini, chini ya giaboksi, bomba la usukani, kote kumeganda uchafu mweusi wa oili na grisi kama lami, nkaukwangua chini yake nkakuta chuma kinang'aa, na namba za kiwanda zinasomeka. Palipokuwa pasafi ndipo palipoliwa. Kwahiyo gari ilipokuwa inatembea ilikuwa inajipaka dawa yenyewe, ilipolazwa ikaacha.

Sasa nieleze kidogo kwa nini nliona inastahili. Morris Minor ilitolewa London mwaka 1948, mchoraji wake Alec Issigonis, ndo huyohuyo aliyekuja kuichora ile gari ndogo ya Mini ya 1959. Ukiitazama boneti utaona katikati kuna bapa refu limeinuka kutoka mbele hadi kwenye kioo. Kisa chake ni kuwa gari ya majaribio ilikuwa nyembamba, Issigonis hakuipenda, akaamrisha ikatwe katikati kwa urefu, vipande viwili vikasogezwa mbali mpaka macho yake yakaridhika, inchi 4 zikaongezeka, na bapa lile ndo alama ya zile inchi 4. Bampa zilikuwa zishatengenezwa, za mwanzo ikabidi zikatwe nazo ziunganishwe kwa kipande katikati. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 1.6 mpaka 1971, na ilikuwa gari ya kwanza ya Kiingereza kufika milioni moja. Mtu aliyeweza kukata kazi yake mwenyewe katikati kwa sababu haijakaa sawa, huyo nampenda.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa hapa Chake, wakubwa kwa wadogo tunamwita Ami, alianza kazi ya gereji kabla mimi sijazaliwa na sasa macho yake hayaoni vizuri karibu ila mikono inajua. Siku ya kwanza nkamwambia Ami, nataka kuisikia injini. Akaniuliza, "Ukishaiwasha utaisimamisha na nini?" Akakataa kata kata kugusa injini kabla ya breki. Na kweli, mwenye kuijua Pemba anajua, huku kwetu si Unguja, huku ni kupanda na kushuka, barabara ya Wete na Chake kilima kikiisha kingine kinaanza na chini kuna watoto wanatoka chuoni.

Basi breki. Masta silinda ya Morris, ile pampu inayosukuma maji ya breki ukikanyaga pedeli, imefichwa chini ya miguu ya dereva ndani ya mbavu ya bodi, unaifikia kwa kutoa kapeti na kifuniko cha sakafu, na boliti zake ukitaka kuzichomoa zinagota kwenye toshenba, ile fimbo ndefu ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi mbele. Yaani uiondoe fimbo mahali pake kwanza. Siku mbili zilikwenda hapo. Silinda za kwenye magurudumu pistoni zote zimeganda, mpira umekuwa mgumu kama kokwa. Mipira mipya alinletea binamu yangu kutoka London kwenye begi, maana spea za gari hizi Uingereza bado zinatengenezwa mpaka leo, alhamdulillah. Mi nkataka kuipaka oili kidogo ili iingie kwa urahisi, Ami akanishika mkono. Mpira wa breki ukigusa oili ya injini au grisi ya kawaida unavimba unaharibika, unalowesha kwa maji ya breki yenyewe tu, basi. Kutoa upepo kwenye maji ya breki tukaanzia gurudumu la mbali zaidi na masta, nyuma kushoto, mtoto wa jirani anakanyaga pedeli mi nafungua nipo chini, mpaka saa tano za usiku ikakaza.

Wakati tunasubiri ile mipira injini ilikuwa inalowa. Ilikuwa imeshika, haizunguki hata kidogo. Ami akachanganya dizeli na oili ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu, tukamimina kwenye matundu ya plagi, silinda zote nne. Gari hizi zina hendeli, unaipitisha mbele chini ya gridi unazungusha kwa mkono. Kila siku baada ya alasiri naweka hendeli najaribu kwa upole, Ami alinkataza kulazimisha kwa sababu ringi zinavunjika. Siku ya kumi na moja ikasogea kiasi cha ukucha. Nlisimama pale nimeishika hendeli skuweza kusema kitu.

Kuhusu spana, hili nalisema kwa sababu hakuna aliyenambia mapema. Huku gereji zote zina spana za milimita kwa ajili ya Toyota na Suzuki, na Morris ni inchi. Nati ya nusu inchi spana ya 13 inaingia na kucheza kidogo, unajidanganya inafaa. Ile ya 9/16 ndo balaa, 14 haiingii, 15 inateleza inakula pembe za nati, na nati ya miaka 60 ikishakuwa mviringo utaikata kwa tindo. Nliharibu sita kabla sijakubali kununua seti ya inchi. Kama huna spana zake usianze kabisa.

Silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye vali, ilipanda boti Mkoani ikaenda mpaka Dar, Gerezani kwenye mashine. Sababu ni petroli. Injini ya zamani hii ilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli, ile risasi ilikuwa kama mto baina ya vali na kikalio chake, na petroli ya risasi ilishaondoka katika nchi zetu hizi kufikia mwanzo wa 2006. Bila ya risasi vali za kutolea moshi zinachimba chuma cha hedi taratibu mpaka injini inapoteza nguvu. Kule wanachonga wanaingiza vikalio vya chuma kigumu. Imerudi safi sana, kazi ya watu wanaojua wanachokifanya.

Halafu umeme, na hapa wenye gari za Kiingereza za zamani mnisikilize vizuri. Gari zote mnazozijua negati ya betri inakwenda kwenye bodi. Morris hii ni kinyume, POZITI ndo inayokwenda kwenye bodi. Mi nlikuwa najua, lakini siku ile skuwepo, kijana mmoja fundi umeme akaja kunsaidia akaona nyaya zimefungwa "kimakosa" akazibadili kwa nia njema kabisa. Akawasha, injini ikaitika, maana koili haijali sana, kisha dainamo ikaanza kuchaji ikiwa inasukuma upande wake na betri upande mwengine. Boksi la regulata, linaloongoza chaji ya dainamo, likatoa moshi, kontakti zake zikaungana. Ilichukua miezi mitatu kupata jengine. Siku ya kulifunga Ami akaikumbusha dainamo upande wake kwa kugusisha waya wa moto kwenye terminali yake iliyoandikwa F, cheche mbili, basi imerudi. Sasa kwenye betri nimeandika kwa rangi nyekundu POZITI BODI, herufi kubwa, na kila anayefungua boneti namuonesha kwanza.

Bodi sitaieleza sana. Ni miezi kumi na nne ya kukata bati, kuchomelea, kusaga, kukata tena. Fundi bodi alikuwa mvumilivu kuliko mimi. Ndani ya mbavu zote tukamimina oili iliyotumika, makusudi, kwa kujifunza kutoka kwenye ule uchafu mweusi.

Siku ya kuwasha rasmi Ami alipima mwanya wa pointi, zile kontakti zinazokata umeme wa plagi, kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia, sehemu 15 za elfu moja ya inchi, akaniambia nifungue swichi bila ya kupiga stata, tusikilize. Pampu ya petroli ya umeme ikaanza tiki tiki tiki tiki, haraka, kisha pole pole, kisha ikanyamaza. Ile kunyamaza maana yake kabureta imejaa. Akasema piga. Ikashika mara ya pili. Ami akaweka kiganja juu ya kifuniko cha vali akafumba macho akakaa hivyo muda.

Kitu kimoja tu kilitushinda. Morris hii haina indiketa za kuwaka na kuzima, ina vimkono vidogo vyenye taa ya machungwa, vimelala ndani ya nguzo nyuma ya mlango, ukigeuza swichi kinachomoza kama mtu ananyoosha mkono. Cha kulia kinafanya kazi. Cha kushoto nimekifungua mara nne, nimekisafisha, umeme unafika, sumaku yake inavuta, na hakitoki.

Juzi Ijumaa nkaenda kumchukua bibi Wete. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akaizunguka gari yote kwa taratibu anaigusa, akapanda mbele kushoto akaweka mkoba mapajani. Tukashuka bandarini, tukapanda mpaka sokoni, pembezoni mwa njia watu wameanika karafuu kwenye majamvi na harufu inaingia dirishani, gari inakwenda gia ya tatu haina papara. Bibi hakusema neno njia nzima. Tulipofika njia panda ya kuingilia kwake nkageuza swichi ya kushoto, kimya, kama kawaida yake, nkataka kutoa mkono nje nioneshe. Bibi bila ya kugeuka akainua mkono nyuma ya bega lake akaigonga ile nguzo kwa ngumi, gonga moja tu, kwa nguvu, mahali pamoja hasa. Kimkono kikachomoza kinawaka.

"Tokea zamani hicho," akasema. "Kaza breki, hapo pana tope."