Daftari la Baada ya Isha

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiandika kila usiku kwa nia ya kujikurubisha kwa Mwenyezi Mungu, lakini kila nilipoyarudia niliyoyaandika niliona ninajisifu tu. Siku moja nilimpelekea maalim wangu wa darsa, hapa Wete, daftari lenyewe. Alisoma ukurasa mmoja, akanirudishia.

"Mwanangu, hii ni insha. Hesabu iko wapi?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye Ihya, kitabu kikubwa cha Imam Ghazali. Ihya ina vitabu 40, na cha 38 kinahusu muraqaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabu. Humo nafsi inafananishwa na mshirika wa biashara, ambaye asubuhi unawekeana naye masharti, mchana humwondolei jicho, na siku ikisha mnakaa kutazama faida na hasara. Mimi nimekulia dukani, nikimwona baba akifungua daftari la madeni kila usiku, kwa hiyo sikuhitaji maelezo marefu. Baba hakuwa akiandika kwamba leo watu wamekopa sana; aliandika nani, kitu gani na kiasi gani.

Nikaanza upya kwa mtindo huo. Usiku mmoja wa msimu wa karafuu niliandika: "Leo jamvini nimemwambia dada kwamba karafuu zake zimejaa makonyo, vile vijiti vyake, nikasema kwa sauti ili majirani wasikie." Maneno "ili majirani wasikie" niliyafuta mara mbili kabla ya kuyaacha yabaki. Hapo lilinifaa shauri la Natalie Goldberg, Mmarekani aliyeandika Writing Down the Bones mwaka 1986, kwamba mkono usisimame wala usifute kitu. Yeye alifundishwa katika njia ya Zen, ya Kibudha, ambayo si yangu. Nilichukua shauri la mkono, basi.

Kilichonifunza sauti ya kuandikia, hata hivyo, ni utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hawahutubii watu. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea, kisha anautembeza katika majumba ya mji wa Pate yaliyokwisha kuhamwa, ambamo madaka yaliyopangwa sahani yamekuwa malalo ya ndege. Nilikuwa nikisoma beti chache kwa sauti kabla ya kushika kalamu, kwa sababu utenzi ule ukisomwa kimya hupoteza nusu ya nguvu zake, na baada ya hapo nilikuwa naona haya kuandika sentensi ya kujipamba.

Siku ya tatu baada ya maneno yale ya jamvini nilimfuata dada jikoni, nikamtaka radhi. Aliniuliza kwani kulikuwa na nini, akaendelea kukuna nazi. Usiku ule nilirudi kwenye ukurasa wa jamvi nikaupiga mstari, kama baba alivyokuwa akifanya mtu akilipa.