Bata mzinga kaachwa, ukoko umegombaniwa

Leo Alhamisi ya nne ya Novemba, Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, ambayo mlo wake mkuu ni bata mzinga. Huku Minnesota, Marekani, maduka mengi yamefungwa na miti imeshapukutisha majani.

Mwaka huu mama yuko nasi, katoka Tanga. Alipomwona yule bata mzinga akauliza, "Huyu kuku au mbuzi?"

Akampaka tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, hasikilizi la mtu. Kisha akainjika pilau, maana kwake sikukuu bila pilau haijawa sikukuu (na mimi simpingi). Majirani zetu Wakongo wakaja na sombe (kisamvu chao). Tukala, tukacheka.

Lakini kilichonigusa ni mama alipoanza kukwangua ukoko chini ya sufuria. Akaumega kwa kijiko, akawagawia wajukuu mmoja mmoja kiganjani, vilevile alivyokuwa akitugawia sisi.

Yule mdogo, ambaye Kiswahili chake cha kuokoteza, akanyoosha mkono:

"Bibi, niongezee!"

Mama alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Alhamdulillahi kwa uhai wake.

Nyie mlio ughaibuni, leo mmepika nini? Na ukoko kwenu nani anaumaliza?