Nilivyounganisha malipo ya kadi kwenye mfumo wa kuuza safari

Kampuni ya utalii ninayoiandikia programu mjini Arusha huwauzia safari za Serengeti na Ngorongoro wageni wanaolipa wakiwa bado kwao Ujerumani au Marekani. Wageni hao hawana M-Pesa. Wana Visa na Mastercard. Mkataba na benki, utambulisho wa biashara na funguo za majaribio ni mambo ambayo kila mtoa huduma ya malipo anayaeleza, kwa hiyo siyagusi. Kinachonisukuma kuandika ni ushauri mbaya nilioukuta mezani, ambao hadi leo nasikia vijana wanaoanza kazi hii wakipewa.

Niliambiwa nijenge fomu yangu ya namba za kadi na kuzihifadhi kwenye hifadhidata, ili mgeni asisumbuke kuandika mara ya pili. Nilikataa. Kiwango cha usalama wa data za kadi, PCI DSS, kinachosimamiwa na baraza lililoundwa mwaka 2006 na American Express, Discover, JCB, Mastercard na Visa, kinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya muamala kuidhinishwa, hata akizificha kwa usimbaji. Namba ya kadi nayo ikishapita kwenye seva yako, umejitwisha mzigo wa ukaguzi ambao kampuni ndogo haiuwezi. Nilitumia ukurasa wa mtoa huduma mwenyewe: mgeni huandika namba yake huko, nasi tunarudishiwa tokeni tu, yaani alama inayosimama badala ya namba ya kadi.

Lililoniudhi zaidi ni kazi ya mshauri aliyelipwa milioni na ushei kabla sijaitwa. Mfumo wake ulithibitisha safari pale tu kivinjari cha mgeni kiliporudi kutoka kwenye ukurasa wa malipo na anwani yenye neno la kufanikiwa. Nilimwomba mama mwenye kampuni akae karibu nami. Nikafungua nafasi ya safari ya Ngorongoro, nikafika kwenye malipo, nikaghairi. Kisha, kwenye anwani iliyorudi, nikafuta neno la kushindwa, nikaandika la kufanikiwa na kubonyeza Enter. Papo hapo barua pepe ikaingia kwenye simu yake: mgeni amelipa, gari liandaliwe.

“Mwanangu, hela iko wapi?” akauliza.

“Mama, haijaingia hata senti moja.”

Mchana ule wote tulikaa na mhasibu tukilinganisha orodha ya wageni na taarifa ya benki, na tulishusha pumzi tulipokuta zinalingana.

Uthibitisho wa kweli ni taarifa ambayo seva ya mtoa huduma huituma moja kwa moja kwenye seva yako, ikiwa na saini iliyokokotolewa kwa HMAC, hesabu inayochanganya ujumbe wenyewe na ufunguo wa siri mnaoujua ninyi wawili tu. Hapo ndipo nilipopambana, kwa sababu kila saini ilikataliwa. Kijana wa huduma kwa wateja alinishauri nizime ukaguzi huo kwanza, “tutaurekebisha baadaye, kaka.” Sikuuzima. Nilichapisha ujumbe uliofika na ule ambao programu yetu iliukagua, nikaviweka sambamba na kuvisoma herufi kwa herufi. Wao walikuwa wametuma 450.00, kwetu ilisomeka 450.0. Maktaba yetu, yaani msimbo uliotengenezwa tayari tunaoutumia ndani ya programu, ilikuwa ikiufungua ujumbe, ikiufanya data, kisha ikiuandika upya kwa mtindo wake, na sifuri moja ikipotea saini haifanani tena. Nikausoma ujumbe ghafi kabla maktaba haijaugusa, na saini zikaanza kukubaliwa. Furaha niliyoipata hapo siwezi kuificha.

Ujue pia kwamba taarifa ileile huweza kuja tena, hasa seva yako inapochelewa kujibu. Namba ya muamala niliipa sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata, na seva hujibu kwanza kwamba imepokea, ndipo iendelee na barua pepe za mgeni na dereva.

Tulipoanza kuuza safari za Bwindi, hifadhi iliyoko Uganda, kwa wenyeji wa nchi hiyo, nilipekua jambo ambalo hakuna aliyenidokeza. Malango mengi ya malipo, yaani mifumo ya watoa huduma hao, hutaka kiasi kiandikwe kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu, kwa hiyo programu huzidisha kwa 100. Kwa mujibu wa ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina nafasi mbili za desimali. Shilingi ya Uganda haina hata moja. Mteja wa 200,000 angekatwa milioni 20. Watoa huduma hawafanani katika hili, hivyo soma maelezo ya wako na uweke jedwali la sarafu badala ya kuzidisha kila kitu. Kabla ya kufungua mauzo nililipa kwa kadi yangu halisi shilingi elfu chache za Uganda, na nikasubiri taarifa ya benki ionyeshe kiasi kilekile ndipo nikaruhusu wateja waingie.