Bunduki ya bolti kwa mfuko wetu huu

Juzi tumekaa barazani Ngamiani, mjomba kaniuliza, we mpwa wangu, kibali cha polisi unacho sasa unangoja nini? Nikamwambia mjomba nangoja hela bwana! Maana nataka bunduki moja tu ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kila ukitaka kupiga risasi nyingine, ya kuwindia porini na ya kulengea shabaha mbali, na bunduki ya Tikka naipenda ila bei yake mmh, kwahiyo nimebaki na mbili za bei nafuu, Savage Axis au Ruger American. Zote kitako plastiki, ukikiegemea kinapinda kidogo kinaweza kugusa mtutu na risasi inahama, hiyo ndo kasoro, lakini Ruger triga unairekebisha mwenyewe, Axis ile ya kawaida triga nzito kama mlango wa godauni.

Kaliba sasa, yaani aina na ukubwa wa risasi. 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007 haipigi bega sana na mbali haiyumbishwi na upepo kama kaliba ya .308, ila .308 ipo tangu 1952, risasi zake rahisi kupata, mi naenda nayo. Na msimalizie hela yote kwenye bunduki halafu mfunge darubini ya kulengea ya ovyo, mjomba alifanya hivyo, mpaka leo anasingizia upepo.