Mnara wa Kupanda na Punda

Baba aliadhini miaka mingi katika msikiti wa mtaani kwetu Lamu. Alipokuja kunitazama Uhispania, Desemba 2015, magoti yalikuwa yamemwishia. Nilipomwambia tunakwenda Sevilla kuona mnara wa zaidi ya mita 100, alisema, "Utapanda wewe, mwanangu. Mimi nitakungoja chini."

Kwanza tuliingia kanisa kuu lenye mnara huo. Inasimuliwa kwamba wakuu wa kanisa walipoamua kulijenga, mwaka 1401, walisema watakaoliona limekwisha watawadhani wendawazimu. Baba akazitazama nguzo zilivyopaa mpaka zikapotelea gizani kwenye dari, akasema hawakukosea. Kaburi la Columbus, jeneza lililobebwa na sanamu nne zilizovaa kifalme, alilipita kama duka lililofungwa.

Kilichomsimamisha ni mlango wa mnara, wanaouita Giralda. Alitegemea ngazi, akakuta sakafu ya matofali inayopanda pole pole, ikikata kona baada ya kona. Nikamweleza kwamba huu ulikuwa mnara wa msikiti mkuu, umejengwa enzi za Al-Muwahhidun, watawala Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini, kuanzia 1184, ukakamilika 1198. Mfalme Mkristo Fernando III alipouteka mji mwaka 1248, msikiti uligeuzwa kanisa, na baadaye ukabomolewa. Mnara na ua wa michungwa vikasalia. Njia za mwinuko ni 35, na wenyeji husema ziliwekwa ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama.

"Mnyama gani?"

"Farasi. Wengine husema punda."

Mtu wa Lamu humtajii punda akabaki kimya. Alicheka hadi akashika ukuta. "Huyu mwenzangu alijua kuishi!" Akatangulia yeye.

Kila kona ina namba ukutani, na kila namba aliisoma kwa sauti, kama kondakta anayetaja vituo. Kwenye ya 12 alitanua mikono kupima njia, akaamua kwamba punda wawili wenye adabu wangepishana. Kwenye ya 20 tulikaa dirishani, akasugua magoti, nami nikajilaumu kimoyomoyo. Hakutaka kurudi. Baada ya namba 35 tukakuta vidaraja 17 vya kumalizia, na hapo punda asingemsaidia. Alivipanda kimoja kimoja, akinung'unika.

Juu kuna kengele. Sehemu hiyo si ya zamani kama mnara: msanifu majengo Hernán Ruiz aliiongeza kati ya 1558 na 1568, ikakaa juu ya kazi ya Waislamu kama kofia ya mgeni. Tulikuwa tunaangalia mapaa ya mji kengele zilipoanza kulia, karibu kabisa na vichwa vyetu. Watalii wote wakaziba masikio. Baba naye akatia vidole masikioni, akasimama wima, midomo ikichezacheza.

Kwenye treni nilimuuliza alikuwa akisema nini kule juu.

"Nilikuwa nahesabu kengele," alisema, akageukia dirishani.