Venye nilirudisha pumzi Iten bila sindano

Mwaka jana nilifika mahali ata fatlek ya Alhamisi, ile mbio ya kubadilisha kasi, inanishinda. Dakika ya kumi tu kifua kinawaka, miguu mizito, kundi linaniacha na vumbi. Kocha akasema niongeze kilomita, nikaongeza, ikawa mbaya zaidi. Na siku zangu za mwezi zilikuwa zimepotea miezi mitano, sikuambia mtu, juu kambini mabinti wengi tunaona hiyo ni dalili umefanya kazi. Dada zangu, sio kweli kabisa!

Jamaa mmoja akaniambia kuna sindano ya EPO, ya kuongeza damu. Nikakataa, ni marufuku na inaweza kuua, nikaenda kupimwa damu: HB, yaani kiwango cha damu, 10.6, na feritini, akiba ya chuma mwilini, 8. Zote chini.

Daktari akachukua karatasi akanichorea figo. Iten tuko kama mita 2,400 juu, kila pumzi ina oksijeni kidogo, kwa hivyo figo zenyewe zinatoa hiyo EPO, ni homoni, inaambia uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu za kubeba oksijeni. Sasa figo zangu zilikuwa zinaita na uboho hauna madini ya chuma ya kujengea, ata hiyo sindano ingejenga na nini? Tena ukishakimbia kwa nguvu ini linatoa homoni ingine, hepsidini, inapanda masaa matatu mpaka sita baadaye na inafungia chuma mlango kwa utumbo. Mimi nilikuwa nakimbia alfajiri halafu nameza kidonge cha chuma saa sita mchana, na chai juu yake! Chai nayo inazuia chuma. Na kukimbia kila siku na chakula kidogo kulikuwa kumeshusha homoni za kike na za thairoidi, mwili unabana matumizi.

Nikashuka kutoka kilomita 150 kwa wiki mpaka 90. Uji na ndizi kabla ya kutoka, jioni ugali, managu na nyama. Kidonge nusu saa baada ya kukimbia, na chungwa. Nilisubiri, maana seli nyekundu inaishi kama siku 120, damu haibadiliki kwa wiki mbili.

Mwezi wa nne wa kufanya hivyo hedhi ikarudi, nililia. Feritini 35. Alhamisi iliyofuata nilimaliza na kundi la mbele.

Mama mwanzoni akiona nakataa chai ya asubuhi aliuliza nani amenikosea. Sa hii ananiwekea kwa themosi mpaka saa nne.